Tafakari zangu zinafungiwa karanga. Niendelee kuandika?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni fundi cherehani wa hapa Tanga, Makorora. Nina miaka 41, mume na watoto watatu, na tunasali KKKT, kanisa la Kilutheri. Nakuandikia kwa mkono, samahani kwa mwandiko. Nilitaka nikupigie simu, nikajua nitalia kabla sijafika kwenye jambo lenyewe.

Huu ni mwaka wa sita naandika tafakari. Kila Jumatano usiku, watoto wakishalala, naandika ukurasa mmoja: mstari wa Biblia, kitu kilichonipata wiki hiyo, halafu sala fupi. Alhamisi naupeleka steshenari, wanauchapa kwenye kompyuta na kunitolea kopi 40. Kuchapa ni 1,000 na kopi ni 100 kila moja, jumla 5,000. Ijumaa nagawa. Nyingine zinakaa kwenye meza ya mlangoni mwa kanisa kusubiri Jumapili, nyingine nampa mama mmoja anayeuza mboga soko la Mgandini, nyingine naziingiza kwenye mfuko pamoja na nguo ya mteja, awe ameomba au hajaomba.

Nilianza baada ya kumzika mtoto wetu wa mwisho. Aliishi siku tisa. Watu walikuja, wakakaa nasi, wakapika, wakaanua matanga na kurudi makwao kama ilivyo kawaida, nami nikabaki na maneno ambayo sikujua nimpelekee nani. Nikawa nayaandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Siku moja mama mmoja wa umoja wa wanawake alikuja kupimwa gauni, nikageuza ukurasa vibaya, akayaona. Akaomba akanakili. Wiki iliyofuata akaja na wenzake wawili. Ndiyo ikawa hivyo.

Miaka mitatu ya mwanzo nilikuwa naona Jumatano inachelewa. Sasa naiogopa.

Mwezi wa sita nilimsindikiza mama yangu stendi ya Kange, nikanunua karanga za 200. Kufungua, naona zaburi niliyoichagua mimi mwenyewe. Karanga zilikuwa zimefungwa kwa tafakari yangu ya Pasaka. Nilizila, maana nilishazilipia, lakini kwenye daladala kurudi mjini nilitazama dirishani tu. Nikawa nahesabu: nimetafuta hela, nimekosa usingizi, ili mtu apate cha kufungia karanga.

Haikupita muda mzee mmoja wa kanisa akaniita pembeni. Aliongea kwa upole, sitamsingizia. Alisema kulifundisha Neno kuna waliolisomea, na karatasi ikikaa mlangoni mwa kanisa watu watadhani imetoka usharikani. Sikumjibu. Nilizikusanya nikaondoka nazo.

Mume wangu hajawahi kunikataza. Ila mwezi wa saba tulipungukiwa hela ya michango ya shule, akasema bila kunitazama, "Elfu ishirini kila mwezi, mama." Basi. Tangu siku hiyo kila nikiitoa ile elfu tano najiona kama naiba.

Halafu kuna shemeji yangu, mdogo wake mume. Alikuwa mlevi sana. Mwaka huu akaacha, akafikisha miezi minne hanywi, tukafurahi kweli. Nikaandika tafakari ya shukrani. Sikumtaja jina, nilisema "kijana mmoja wa familia yetu". Nikaeleza tulivyokuwa tukimfuata usiku vilabuni, na alivyouza baiskeli ya marehemu baba yake akainywea. Nia yangu ilikuwa kumsifu Mungu. Karatasi ikafika kijiweni kwao, wakamsomea kwa sauti. Hajakanyaga kwetu tangu wiki ile, na mama mkwe ananijibu kwa mkato.

La mwisho sijamwambia mtu. Nimekauka. Mara tatu mwaka huu nimechukua tafakari ya zamani, nikabadilisha mstari na mwezi, nikaipeleka kuchapwa. Hakuna aliyegundua. Hilo limeniuma kuliko karanga.

Binti yangu anasema niachane na makaratasi, nijirekodi niwe natuma kwenye kundi la kwaya. Sauti yangu mimi siipendi.

Nisisahau, yupo jirani yangu mmoja, bibi anayeuza vitumbua. Ni Mwislamu na hajui kusoma. Mjukuu wake humsomea karatasi yangu kila Ijumaa jioni, na wala huwa simpelekei, yeye mwenyewe ndiye humtuma mtoto kuichukua. Kuna wiki nilishindwa kuandika kwa sababu ya homa. Jumamosi asubuhi akaja na vitumbua kwenye bakuli, akasimama mlangoni: "Barua yangu iko wapi?" Yeye huita barua. Nikamwambia sina, naumwa. Akasema, basi iseme kwa mdomo, masikio ninayo. Sijui hata nilimweleza nini, tulikaa mpaka chai ikapoa.

Mwalimu, nikiacha nitakuwa nimefukia talanta? Na nikiendelea, namwandikia nani? Nimeambatanisha karatasi tatu uzione.

Fundi wa Makorora

JIBU

Marahaba mwanangu. Amina.

Karatasi zako nimezisoma zote tatu, na nitazisema hapo mbele. Kwanza tumalizane na karanga.

Mimi nimekulia Muheza. Shule yetu haikuwa na maktaba, na nyumbani vitabu vilikuwa viwili, Biblia na kitabu cha nyimbo. Lakini sukari ya robo ilikuja imefungwa kwenye karatasi, na mama akishaimimina koponi, karatasi ilikuwa mali yangu. Nilisoma mechi zisizo na matokeo, barua za wasomaji zisizo na sahihi, matangazo ya sabuni. Kuna kisa kimoja cha mtu aliyepotea porini, kilikatika pale alipoona moshi kwa mbali. Leo nina wajukuu na bado sijui ule moshi ulikuwa wa nani. Kwa hiyo usitegemee nikuhurumie sana kwa habari ya karanga. Muuza karanga hakukutukana, alitafuta karatasi ngumu kidogo iliyo safi upande mmoja. Na kuipeleka zaburi mpaka mikononi mwa abiria wa Lushoto na wa Dar, pale Kange, wewe usingeweza kwa kopi zako 40.

Ila kilichouma nakijua. Kuna mtu aliipokea kwa mikono miwili, akakushukuru, akaenda kuiuza kwa kilo.

Sasa nikupeleke kwa mwenzako. Katika Yeremia 36, Mfalme Yehoyakimu amekaa katika nyumba yake ya majira ya baridi, makaa yanawaka mbele yake, anasomewa gombo. Kila zikisomwa kurasa tatu au nne, anazikata kwa kijembe na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likateketea. Aliyeliandika kwa mkono wake, Yeremia akitamka, ni Baruku. Akaambiwa achukue gombo jingine, na yote yakaandikwa upya, tena na mengine ya namna ile yakaongezwa. Wahubiri wengi huishia hapo, na nadhani ulitaka na mimi niishie hapo: vumilia mwanangu, chukua karatasi nyingine.

Lakini geuza mbele mpaka sura ya 45. Ina mistari mitano tu na watu huiruka. Baruku analia. Ameongezewa huzuni juu ya maumivu, amechoka kwa kuugua, hapati raha. Jibu alilopewa halikuwa la kumbembeleza wala la kumhimiza. Aliulizwa kama anajitafutia mambo makuu, akaambiwa asiyatafute, kisha akaahidiwa uhai wake popote atakapokwenda. Basi. Na uangalie miaka yake. Kilio hiki ni cha mwaka wa nne wa Yehoyakimu, na gombo lilichomwa mwaka wa tano. Baruku alichoka kalamu ikiwa bado mkononi, kabla mfalme hajashika kijembe.

Nawe ulikauka kabla ya karanga. Najuaje? Karatasi ya pili uliyonituma ina tarehe ya mwezi wa tatu, na katikati inasema "tunapoingia katika Majilio haya". Majilio, majuma ya kuingojea Krismasi, mwezi wa tatu! Ulibadilisha mwezi juu, chini ukasahau. Unasema hakuna aliyegundua. Mimi nimegundua, na pengine wapo wengine waliogundua wakakustahi.

Na tukiwa hapo hapo kwenye karatasi ya mwezi wa tatu: inaanza "Mpendwa msomaji, yatupasa kukumbuka ya kwamba". Ni nani huyo anayeongea? Katika barua yako yote hukuniandikia hata mara moja "yatupasa". Ni ukurasa mzima usio na cherehani, wala Makorora, wala mtu mwenye jasho. Hauna kosa la mafundisho hata moja, na sikumbuki mstari wowote.

Halafu ipo ile ya sindano. Unashona sare za kwaya ya watoto usiku, sindano inakatika ndani ya pindo, na ncha yake haionekani. Unafumua. Unapitisha sumaku uliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, pindo baada ya pindo, gauni baada ya gauni, kwa sababu hujui ni lipi na kila moja lina mtoto wake. Unaipata karibu na adhana ya alfajiri. Mstari wa Biblia umeuweka chini kabisa, ule wa mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa, na hukuufafanua hata kwa neno moja. Mwanangu, mimi nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na insha zilizonifanya niinuke kwenye kiti zinahesabika kwa vidole. Hiyo ni mojawapo.

Karatasi ya tatu ni ya shemeji yako, na hapa sitakuchekea.

Unasema hukumtaja jina. Katika Tanga hii ya baiskeli, ukisema kijana aliyeuza baiskeli ya marehemu baba yake akainywea, umemtaja yeye, baba yake na mtaa wao. Lakini hata kama kweli asingejulikana, kisa kile hakikuwa chako. Ile miezi minne aliihesabu yeye, usiku mmoja mmoja, na koo lake mwenyewe. Pengine mwakani angesimama kanisani akausema ushuhuda wake kwa maneno yake, akaamua mwenyewe aitaje baiskeli au aiache. Pengine asingeusema kabisa, na hiyo nayo ni haki yake. Wewe umechukua kitambaa chake ukakishona bila kumpima, kisha ukawapelekea watu wa kijiweni wakivae. Nia ilikuwa njema, nakubali. Fundi aliyeharibu kitambaa cha mteja naye huwa na nia njema.

Hili lifanye kabla hujaamua lolote kuhusu kuandika. Nenda kwa mama mkwe, peke yako, bila karatasi na bila Biblia mkononi. Usimwambie "nilikuwa namshukuru Mungu". Ni kweli, lakini siku hiyo itasikika kama utetezi. Mwambie umekosa, ulimwanika mwanawe. Kisha mumeo akufikishe kwa mdogo wake, mahali atakapotaka yeye, na umwombe radhi kwa maneno yasiyozidi pumzi mbili. Kama bado hanywi, usimsifu. Kama amerudia, usishangae mbele yake. Wala usimwandikie barua. Yohana, katika waraka wake wa tatu, anasema ana mengi ya kuandika lakini hataki kuyasema kwa wino na kalamu, anatumaini kuonana na mwenziwe na kuzungumza mdomo kwa mdomo. Kuna mambo ya namna hiyo.

Na akikusamehe, tafadhali, isije ikawa tafakari ya Ijumaa.

Mzee wa kanisa ana haki nusu. Karatasi isiyo na jina la mtu, juu ya meza ya mlangoni mwa kanisa, kila mgeni ataiona ni ya usharika, na siku ikiwa na kosa atakayeulizwa ni mchungaji. Hapo amekuambia kweli, tena kwa upole. Lakini kama alimaanisha kwamba mshonaji hana ruhusa ya kusema Mungu amemtendea nini, basi amesahau yeye ni Mlutheri. Ukuhani wa waamini wote ni fundisho ambalo Luther alilisisitiza sana, na halikuwabagua mafundi. Unapogusa mambo kama ubatizo au meza ya Bwana, mwonyeshe mchungaji kwanza, hutapungukiwa kitu. Unaposimulia sindano, sioni wa kumwomba kibali. Andika tu juu kabisa kwamba ni maneno yako, na karatasi usiziache peke yake mezani, mpe mtu mkononi.

Mumeo katika miaka sita amelalamika maneno matano. Nimepiga hesabu: wiki 52 mara sita ni karibu karatasi 300, kopi kama 12,000, na kwa bei ya leo ni kama milioni moja na nusu. Hukuiba. Lakini hela ya namna hiyo huzungumzwa na mume mezani, haitolewi kimya kila Alhamisi huku moyo unadunda. Nadhani naye angependa kuulizwa kama amewahi kuzisoma. Muulize. Jibu lake linaweza kukushangaza upande wowote.

Talanta sasa. Watu wameutumia mfano ule kuwachapia wachovu, na umenichosha. Katika Mathayo 25 talanta ni fedha, tena fedha nyingi: moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja. Maana ya kipaji imekuja baadaye, kutokana na mfano wenyewe. Na yule mtumwa wa tatu, aliyeifukia yake ardhini, alitoa sababu yake waziwazi, kwamba aliogopa, alimwona bwana wake ni mtu mgumu. Sasa soma barua yako. Unaogopa ukiacha. Hofu yako inakusukuma uendelee, yake ilimsukuma afukie, lakini bwana mnayemwogopa ni yule yule mmemchora vibaya. Fundi anayefunika cherehani anyooshe mgongo, amefukia nini?

Na vitu vya karatasi hukoma, mwanangu. Hapa Tanga zama za Wajerumani lilichapwa gazeti la Kiongozi. Magila, jirani na nilikokulia, wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walitoa Habari za Mwezi tangu miaka ya 1890. Walimu na makarani wa Kiafrika waliandika humo habari za huko walikokuwa. Yote mawili hayapo; Kiongozi lilikatishwa na vita vya 1914–1918. Wanaotafiti Kiswahili cha zamani bado wanayasoma. Sikuahidi kwamba karatasi zako zitasomwa hivyo, nyingi zimeshalowa chumvi ya karanga. Nasema tu kwamba sijasikia mtu akiwahukumu wale kwa kukoma.

Umeniuliza, basi sikia uamuzi wangu. Simamisha zile kopi 40. Simamisha wiki hii, usingoje umalizie mwezi. Usiandike karatasi ya kuaga, maana watakuja kukusihi, nawe utaendelea kwa sababu ya kusihiwa, na kwa Majilio mengine utanakili tena ya mwaka juzi. Akiuliza mtu, mjibu umepumzika.

Nunua kaunta buku. Jumatano ikija na neno, liandike kwa kalamu. Ikija kavu, kalale, mumeo atafurahi. Uende hivyo mpaka Majilio, yale ya kweli, ya kabla ya Krismasi.

Binti yako mwambie asante, ila asikurekodi. Mtu asiyeipenda sauti yake ataanza kuisikiliza kuliko anachokisema, na "yatupasa kukumbuka" itarudi mlango wa nyuma.

Unamwandikia nani? Mzee wa kanisa ulimpa mistari michache, mume mistari michache, karanga kidogo zaidi. Ulipofika kwa bibi wa vitumbua, ambaye eti ulikuwa karibu kumsahau, kalamu ikakunjua miguu. Nimeona bakuli, nimeona mlango, nimeona chai ikipoa. Huyo ndiye. Tena amekufundisha jina la kitu unachoandika, miaka yote unakiita tafakari yeye anakiita barua. Barua huwa na mtu upande wa pili. Mwandikie yeye, nakala moja, kwa mkono, mjukuu asome. Haitagharimu mia. Usimfiche Yesu wako, anakujua wewe ni nani na bado humtuma mtoto. Lakini pia usimtege, maana watu wa mtaa mmoja wanaofuturishana na kualikana Krismasi hunusa mtego haraka. Mweleze ya wiki yako. Yeye hawezi kuvumilia ukurasa wa "mpendwa msomaji", atamkatiza mjukuu katikati, na huo ndio uhariri unaouhitaji.

Ikipita Ijumaa tatu bibi hajauliza na wewe hujakumbuka, basi kazi ile imekwisha, na hakuna haja ya kuniandikia kuomba ruhusa. Ikifika Majilio mkono unawasha, rudi steshenari na kopi 15, baada ya kukubaliana na mumeo, na ujue kwa majina zinakwenda kwa nani.

Kuna kitu kimoja nimesitasita kukisema. Uliingia katika uandishi huu kwa mlango wa mtoto wa siku tisa. Katika karatasi tatu ulizonichagulia hayumo, na katika barua nzima umempa sentensi mbili. Huenda ulimwandika zamani ukamaliza. Kama bado, kaunta buku ni kubwa, na kurasa hizo si za bibi, wala za kanisa, wala za safu hii. Mwambie mumeo ukipenda. Yeye naye alizika.

Karatasi ya mwezi wa tatu na ya shemeji nakurudishia ndani ya bahasha hii, ya shemeji uichome. Ya sindano sirudishi, nimeiweka ndani ya kamusi. Nisalimie bibi, na umuulize kama vitumbua vyake ni vya mchele wa kulowekwa au wa unga wa dukani, maana huku kwetu siku hizi ukikiuma kimoja unatafuta maji.